Kaya ya Mtu Mmoja

Kitalu chetu cha miche kilikuwa bondeni, si mbali na Muleba mjini, kando ya kijito ambacho hakikauki hata Agosti. Nilikabidhiwa usimamizi wake mwaka 1990, nikiwa na cheti changu cha Chuo cha Misitu Olmotonyi, na wafanyakazi niliowakuta pale walikuwa karibu wote wanawake, wengi wao wajane. Aliyeijua Kagera ya miaka ile hahitaji kuelezwa sababu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walitoka mkoani kwetu, mwaka 1983, na kabla ugonjwa haujapata jina hilo tuliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zikiingia kutoka Uganda. Kazi tulianza saa moja asubuhi. Mara nyingi ilipofika saa tano tulikuwa tumeshafunika miche na kunawa mikono, maana kuna mahali tulikuwa tunakwenda kuzika.

Mwaka 1992 tuliletewa bwana miti mpya, kijana wa upande wa Kamachumu, mrefu, mpole wa kusema, mwenye baiskeli aliyoitunza kuliko viatu vyake. Jina lake silitaji. Yu hai, ana ndugu huku, na sheria nitakayoieleza haijafutwa. Wanawake wa kitaluni walimwita bwana miti, nami nitamwita hivyohivyo.

Kazi yetu kubwa ilikuwa rweya. Msomaji ambaye hajafika Buhaya ajue kwamba kati ya kijiji na kijiji kwetu kuna nyika ya majani ambayo udongo wake umekwisha kuoshwa na mvua. Ukanda wa ziwani hupata hadi milimita 2,000 kwa mwaka. Kibanja chenye migomba, mibuni na maharage hustawi kwa samadi, na kwa majani yanayokatwa rweya yakatandazwa chini ya migomba. Ng'ombe walipopungua na rweya ikawa inachomwa moto kila kiangazi, vibanja navyo vikaanza kuchoka. Basi amri ikaja: pandeni miti. Paini, mikaratusi, grevilea. Aliyepanda miti rweya alihesabiwa kuwa amejipatia ardhi, na waliopanda walikuwa wanaume. Lakini rweya hiyohiyo ndiyo mahali mwanamke wa Kihaya alipolima omusiri wake, njugu mawe na vitu vingine vya kulisha watoto, bila hati na bila neno la ukoo. Mama alikuwa akirudi msimu wa pili na kukuta shamba lake limechimbwa mashimo ya miche.

Mabwana miti waliotangulia waliliona hilo wakanyamaza, kwa kuwa hesabu yao ilikuwa miche mingapi imepandwa, basi. Huyu alizunguka rweya kwa miguu pamoja na akina mama wenyewe, kila mmoja akimwonyesha mpaka wake, naye akiuchora kwa penseli kwenye ramani ya upandaji. Kisha akaipeleka ramani ile kwenye serikali ya kijiji, akakaa nayo mpaka wakaigonga muhuri. Mistari ya miti ikapinda kukwepa njugu mawe. Kwenye chemchemi alikataa mikaratusi kabisa, kwa jinsi inavyokunywa maji. Akataka misizi, mishambya na mitoma, miti ambayo babu zetu walikuwa nayo. Chemchemi mbili kati ya zile nazijua mimi, na watu wanachota hadi leo.

Kwa hiyo wanawake walimpenda, na wanawake wa kwetu wakimpenda kijana ambaye hajaoa, wana jambo moja tu la kumfanyia.

Ilikuwa Novemba 1994, msimu wa senene. Watu walikuwa wamekesha kuwakamata, na asubuhi ile kila mmoja alikuja na mfuko wake. Tulikaa chini ya kibanda tukijaza viriba: udongo wa msituni, samadi iliyooza, mchanga kidogo, unachekecha, unashindilia kwa vidole viwili ili hewa isibaki chini, unakipanga kwenye tuta. Mama mmoja wa Nshamba, mkubwa kuliko sote, alikuwa ameacha viriba na ananyonyoa senene mabawa. Akamwambia bila kuinua uso, "Bwana miti, binti yangu amemaliza masomo. Nimeongea na baba zake wadogo. Njoo Jumapili umwone."

Wengine wakapiga vigelegele. Yeye alikuwa amesimama na keni ya kumwagilia mkononi. Akaiweka chini.

"Mama," akasema, "binti yako namheshimu, na wewe nakuheshimu zaidi. Lakini mimi sipendi wanawake kwa namna ya kuoa. Napenda wanaume. Niko hivyo tangu utoto. Nikimwoa nitamdhulumu, waitu, na katika miaka hii yetu amedhulumiwa nani kama binti za watu?"

Nimesikia watu wengi wakisema mambo mazito maishani mwangu, kwenye matanga, mahakamani, kitandani mwa wagonjwa. Sijasikia tena mtu akisema jambo la kumhatarisha kiasi kile kwa sababu tu hakutaka kumdanganya msichana asiyemjua. Angeweza kusema ana mchumba Bukoba. Angeweza kusema anaumwa. Nusu ya watu walikwisha kudhani hivyo, maana mwanaume wa miaka 28 asiyeoa wakati ule alifikiriwa Juliana kwanza.

Mmoja wetu alitaja jina la Yesu. Mwingine akainuka, akafunga khanga yake vizuri, akaondoka, na kazini hakurudi tena. Mumewe alikuwa katekista, na ninaamini aliondoka kwa dhamiri safi. Simlaumu. Mama wa Nshamba ndiye aliyekaa kimya muda mrefu kuliko wote. Alipozungumza, aliuliza, "Basi siku ukifa, nani atakuja kukulilia?"

Mtu wa mbali ataliona ni swali la ajabu. Kwetu, mwaka 1994, hapakuwa na swali la karibu zaidi na maisha kuliko hilo. Kila kijiji kilikuwa na vyama vya kuzikana. Mwanachama akifiwa, wenzake wanaleta ndizi, maharage, kuni na maji, wanachanga fedha ya sanda na jeneza, wanalala kwake siku za matanga. Asiyefika kwa wenzake anatozwa faini, na akizidi anafutwa. Chama chetu kilikuwa cha wanawake wa kitaluni na majirani zao, na uanachama ulikuwa wa kaya. Kijana ambaye hajaoa si kaya. Yumo ndani ya kaya ya baba yake. Na baba wa bwana miti, aliyeanza kusikia minong'ono, alikuwa amekataa kumgawia kibanja. Kwetu mtu huzikwa kibanjani. Kwa hiyo swali la yule mama lilikuwa na sehemu mbili, na kijana hakuwa na jibu la hata moja.

Kikao cha mwezi uliofuata, mama wa Nshamba alilileta jambo hilo yeye mwenyewe. Alisema anaomba bwana miti aandikwe. Mweka hazina akauliza aandikwe chini ya nani. Wakabishana hadi giza likaanza kuingia, na sitajifanya kwamba wote waliobishana walibishana kwa upole. Maneno machafu yalisemwa. Mwisho walikubaliana kumwandika kaya ya mtu mmoja, mchango sawa na wa kaya nyingine, faini sawa. Niliyeandika daftarini ni mimi.

Tangu hapo nimewasikia watu wakieleza habari ile kwa namna inayoniudhi. Wanasema tulimpokea kwa sababu alikuwa mchapakazi, kwa sababu ya ramani na chemchemi. Naikataa hesabu hiyo. Katika kitalu kilekile tulikuwa na mama mvivu, msengenyaji, aliyekuwa akijaza viriba nusu na kufunika kwa udongo mkavu juu, na hakuna aliyewahi kusema asizikwe. Hakudaiwa mti hata mmoja kwa ajili ya nafasi yake. Kwa nini bwana miti adaiwe? Mtu akilazimika kuwa bora kuliko wenzake wote ndipo avumiliwe, huyo bado yuko nje, amefunguliwa dirisha tu. Wanawake wale walimwandika kwa sababu alikuwa mtu aliyesema kweli mbele yao na hana pa kuzikwa, na wao walijua habari za kukosa pa kusimama.

Walizijua kwa jina na tarehe. Mwaka 1988 mama mmoja wa Muleba, Holaria Pastory, aliyekuwa amerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000, kwa kuwa alikuwa anazeeka na hana wa kumtunza. Siku ya pili tu ndugu yake akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha. (Ni Kashasha hiyohiyo ambako mwaka 1962 wasichana wa shule walishikwa na kicheko kilichosambaa hadi vijiji vingine, dunia inaikumbuka kwa kicheko, sisi tunaikumbuka kwa kesi.) Kwa mila ya Wahaya iliyokuwa imeandikwa, mwanaume aliweza kuuza shamba la ukoo, mwanamke hakuweza. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba, na kwamba wanawake wana haki sawa na wanaume katika ardhi ya ukoo. Hukumu hiyo ilizungumzwa kitaluni kwetu kwa miaka. Kuna aliyekuwa na nakala yake ndani ya Biblia.

Na ndiyo iliyompatia bwana miti kibanja. Mwaka 1995 mfanyakazi mwenzetu, aliyerithi kwa baba yake kwa wosia kama Holaria Pastory, alimkatia kipande, akamuuzia kwa bei ya haki. Baba zake wadogo walikuja juu. Mtu wa ukoo mwingine, na mtu wa namna ile! Yule dada akawaambia waende Kashasha wakaulize. Hawakwenda. Bwana miti akapanda migomba, mibuni michache, na misizi mpakani, na jioni moja alinionyesha kona chini ya mmoja wa misizi hiyo aliyoichagua. Hakuwa na huzuni yoyote alipokuwa akinionyesha. Alikuwa na furaha ya mtu mwenye mahali.

Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Jioni iliyotangulia ilikuwa imepakia Bukoba na Kemondo, na hakuna kata ya huku ambayo haikupoteza mtu. Mamia walikufa. Kitalu chetu kilimpoteza mama mmoja pamoja na mwanawe wa kiume wa pekee. Bwana miti ndiye aliyekwenda Mwanza na kaka wa marehemu kuwatafuta; hawakuwapata kwa sura, na wengi waliokosa kutambuliwa walizikwa pamoja Igoma. Aliporudi alikaa matanga yote, akipokea wageni mahali ambapo mtoto wa marehemu angekaa. Hakuna aliyemwambia hapo si pako.

Mwishoni mwa mwaka ule redio ilitangaza kuwa Afrika Kusini imepitisha Katiba inayokataza, kwa maneno yaliyoandikwa, mtu kubaguliwa kwa sababu ya anayempenda. Alikuja kunieleza asubuhi yake kabla sijafungua ghala. Alikuwa ameisikiliza habari ile jioni, akaisikiliza tena usiku.

Kwetu mambo yalikwenda vingine. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilitubomolea matuta, zikazoa viriba hadi kijitoni, na katikati ya matope hayo ikaja Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Naieleza polepole kwa sababu ni sheria niliyoitamani. Tulikuwa na watoto wa kike yatima wengi, na waliowaharibu walikuwa wanatembea huru barabarani. Sheria ile iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji. Ilifanya kumkeketa mtoto kuwa jinai. Wanawake wenye akili na ujasiri waliipigania, na waliostahili shukrani nawashukuru hadi leo.

Bwana miti alipata nakala kwa karani mmoja. Ilikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo alisimama katikati ya kibanda akitufasiria kifungu baada ya kifungu, na kila adhabu ya mbakaji ilipotajwa akina mama walipiga vigelegele. Akafika kifungu kinachorekebisha namba 154 ya Kanuni ya Adhabu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anasoma pamoja naye. Angekiruka, tusingejua. Alikifasiri kwa sauti ileile: mwanaume anayelala na mwanaume, ambaye zamani adhabu yake ilifika miaka 14, sasa ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisipungue miaka 30.

Mama wa Nshamba akauliza, "Na hiyo wameiweka humu ya nini?"

"Hiyo ni ya kwangu, mama," akajibu, akaendelea na kifungu kinachofuata.

Nimefikiri sana juu ya dakika zile. Sheria moja ilituinua sisi na kumkandamiza yeye, na yeye ndiye aliyeibeba kutuletea, akaifasiri yote, akafurahi nasi mahali pa kufurahi. Watu wanaoniambia haki za watu kama yeye ni mambo ya wageni, ningetamani wangekuwa ndani ya kibanda kile.

Miezi michache baadaye barua isiyo na jina ilifika ofisini. Sitasema ofisi gani. Hakushtakiwa, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa lolote, lakini alihamishwa kwa notisi ya wiki moja, akapelekwa msitu wa Minziro.

Waliompeleka huko walidhani wanamwadhibu. Minziro iko mpakani na Uganda, ng'ambo ya mto Kagera, msitu unaosimama ndani ya maji miezi mingi ya mwaka, na wakati ule ulikuwa bado sehemu ya Bukoba Vijijini. Ndege na vipepeo wake wengi ni wa misitu ya Kongo, huwaoni kwingine Tanzania. Kasuku wa kijivu wamo. Wapasua mbao walikuwa wakiingia usiku, wanaangusha mti, wanachimba shimo, wanapasua hapohapo kwa msumeno wa watu wawili, na alfajiri mbao zimekwisha kuvuka mpaka. Doria ilikuwa kazi ya siku kadhaa kwa mkupuo, watu saba au wanane, mahema mawili, sufuria moja.

Nilimtembelea huko mara kadhaa kuchukua mbegu. Habari zake zilikuwa zimemtangulia. Safari yake ya kwanza ya doria, mlinzi mmoja alisema halali hema moja na mtu huyu, na wengine wakaanza kuangaliana. Kiongozi wa doria, mzee aliyepigana vita vya Kagera katika misitu hiyohiyo, alichukua begi la bwana miti akalitupa ndani ya hema lake mwenyewe. "Ramani anayo yeye," akasema, "na ramani inalala kwangu." Hakuongeza neno. Nilipofika mimi, miezi baadaye, yule mlinzi aliyekataa ndiye aliyekuwa akimwita aje kula kabla ubaridi haujaingia kwenye ugali, na walipokuwa wanagombana, waligombana kuhusu njia ipi ina ruba wengi. Sikuuliza ilikuwaje. Bwana miti aliniambia tu kwamba amechoka kuhesabu hatari za watu, na kwamba msituni, akiwa na watu wale, kuna siku nzima ilipita bila kuwaza habari hiyo hata mara moja. Alinieleza hayo kwa mshangao.

Mwaka 2001 alipata nafasi ya kwenda kusoma misitu Uswidi, na hakurudi kufanya kazi. Huko anafanya kazi ya kurudisha maji katika vinamasi vya kaskazini vilivyokaushwa zamani kwa mifereji ili miti ya mbao iote. Nchi ile iliruhusu ndoa za watu kama yeye mwaka 2009, naye ameoa, au ameolewa, hata sisi wenyewe hatukujua tuseme lipi, tukaamua kusema wameoana. Mwenzake ni mwalimu wa shule. Kwenye sherehe za kazini wanaalikwa wote wawili, na anachopenda kunisimulia ni jinsi mkuu wake anavyomkamata mumewe na kumchosha kwa habari za barabara mbovu. Mwaka huohuo wa 2009 mama yake mzazi alifariki. Alikuja peke yake. Chama kilifika na ndizi, kuni na maji, kwa kuwa mwanachama wao amefiwa.

Sasa hivi simu ni rahisi, tunazungumza. Alinipigia Novemba 2017, wakati picha ya simba dume wawili wa Maasai Mara waliopandana ilipozunguka duniani, na mkuu wa bodi ya filamu Kenya, Ezekiel Mutua, akasema huenda simba wale wameiga watalii na wanahitaji ushauri nasaha. Kazini kwake walikuwa wanamwonyesha habari hiyo kwa huruma. Wataalamu wa wanyama wamekuwa na habari za wanyama wa jinsia moja kupandana muda mrefu. Anne Innis Dagg wa Kanada, aliyeanza kuchunguza twiga Afrika Kusini miaka ya 1950, alizikusanya kwa mamalia wa aina nyingi katika makala ya mwaka 1984. Nikamwambia, basi, si umeona, hata porini yapo. Akanijibu, "Dada, mimi sihitaji simba wa kunitolea ushahidi. Mama wa Nshamba hakuuliza simba wanafanyaje."

Mwaka ule ulikuwa mbaya kwetu pia. Serikali ilikuwa imezuia vituo binafsi kuendelea na huduma za UKIMWI zilizowalenga wanaume wa namna yake. Mimi niliyezika kitalu kizima nilishindwa kuamini kwamba Tanzania ya baada ya Juliana inaweza kumzuilia mtu yeyote dawa au ushauri. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, akatangaza kikosi cha kuwasaka wapenzi wa jinsia moja, akawataka wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye serikali ilisema huo ni msimamo wake binafsi, lakini maneno yalikwisha kufika hadi Nshamba.

Yakafika na kwenye chama chetu. Kikao cha Desemba mwaka huo katibu, binti msomi ambaye nampenda na ambaye bibi yake tulijaza naye viriba, alisimama akasema tunajiweka hatarini. Daftari lina jina la mtu anayejulikana, anatuma mchango kwa simu kutoka nje, na siku likishikwa tutaulizwa. Akapendekeza lifutwe kimya kimya. Hakusema kwa chuki. Aliogopa, na sababu ya kuogopa ilikuwepo. Wengine walimuunga mkono, na nilihesabu vichwa nikaona wako wengi.

Mama wa Nshamba alikwisha kufariki. Mwenyekiti wetu ni bintiye, yuleyule aliyetakiwa kuonwa siku ya Jumapili. Aliolewa na mwingine, ana watoto wanne, ana kahawa nzuri kuliko wengi. Aliwaacha wote wakamaliza. Kisha akasema, "Mtu huyu alikuwa anaweza kunioa. Mama yangu alikwisha kukubali, baba zangu walikwisha kukubali. Ningeishi ndani ya uongo wake hadi leo na nisingejua kwa nini nyumba yangu ni baridi. Alisema kweli mbele ya watu ili mimi nisiumie, na alikuwa hajanitia machoni. Anayetaka kumfuta na aanze na jina langu."

Katibu aliangalia daftari. Akauliza kama kuna mwenye hoja nyingine juu ya ajenda hiyo. Hapakuwa na mtu. Akasoma inayofuata: turubai la msiba limetoboka, linahitajika jipya kabla ya masika.

Usiku nilimpigia nikamweleza yote, pamoja na wale waliounga mkono afutwe, kwa kuwa ana haki ya kujua. Alikaa kimya, kisha akauliza turubai Bukoba sasa linauzwa shilingi ngapi. Alitaka kulinunua yeye lote. Nikamkatalia. Nikamwambia tumegawanya kwa kaya, na chake ni kiasi kilekile cha kila mtu.